Fidela na Miji Iliyoachwa Nje ya Orodha

Mawakili wa kampuni za simu walimwogopa Fidela Mangarin kuliko walivyomwogopa mwenyekiti wetu. Mwenyekiti ungeweza kumsemesha vizuri, ukamuuliza habari za wajukuu, akalegea. Fidela hakulegea. Alikaa kaunta ya kupokelea nyaraka, ghorofa ya pili, katika jengo letu la Tume ya Mawasiliano pale Quezon City, Ufilipino, kahawa upande wa kushoto, muhuri wa tarehe na saa upande wa kulia, na kwa karibu miaka thelathini na mitano hakuna karatasi iliyoingia ofisini bila kupita mikononi mwake. Mimi nilikaa meza ya nyuma yake nikipanga mafaili. Naitwa Isagani, lakini yeye aliniita Gani, nami nilimwita Dada Dela kama ofisi nzima ilivyomwita.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, nywele kazifunga kisogoni na kuzichomeka penseli, ile penseli ambayo kila baada ya nusu saa aliitafuta mezani. Alianza kazi zama za leseni za redio za teksi na za meli. Zikaja simu za mkononi, akazipigia muhuri. Kisha mwaka ule Tume ikatangaza leseni nne za mtandao wa kizazi cha tatu, simu ambazo, tuliambiwa, zingekuonyesha uso wa mtu unayeongea naye.

"Wengine nawasikia tu, nimetosheka," alisema Dada Dela. "Sasa na kuwaona tena?"

Leseni hizo hazikunadiwa. Zilitolewa kwa alama: nani atajenga haraka, nani ana mitambo ya maana, nani atafikisha mtandao miji mingi. Kampuni tano ziliomba, kwa hiyo moja lazima ingetoka mikono mitupu. Maombi yalitakiwa yafike kaunta kabla ya saa sita mchana, siku ya Ijumaa, na kanuni ilisema wazi kwamba boksi litakalofika saa sita na dakika moja litarudishwa lilikotoka.

Ijumaa hiyo, Alapaap, kampuni kubwa kuliko zote, ilileta maboksi yake saa tatu asubuhi. Watu wake hawakuondoka. Walikaa kwenye benchi wakila biskuti, wakimsubiri mwenzao wa mwisho achelewe. Huyo wa mwisho alikuwa Bagwis, kampuni ndogo kuliko zote, na lifti yetu ilikuwa imekwama tangu asubuhi.

Saa sita kasoro dakika nane, wakili wa Bagwis, kijana mmoja aitwaye Jericho Pabalan, alitokeza kwenye ngazi kakumbatia boksi, jasho likimchuruzika hadi kwenye tai.

"Mengine yako wapi?" aliuliza Dada Dela.

"Chini. Kumi bado. Dada, tusaidie!"

"Siruhusiwi kugusa boksi kabla halijafika kaunta," alisema Dada Dela akitazama saa ya ukutani. "Ila kupiga kelele naruhusiwa."

Akaenda kwenye ngazi, akainama juu ya reli, akaanza kupaza sauti kama yuko kwenye pambano la majogoo. "Pandeni! Dakika sita! Wewe mwenye shati la bluu, hilo boksi unalibeba au unalibembeleza? Panda, baba, panda!"

Ofisi nzima ilitoka kutazama. Boksi la kumi na moja lilitua kaunta zikiwa zimebaki sekunde arobaini. Dada Dela aligonga muhuri, wakili Pabalan akajitupa sakafuni akahema.

"Dada Dela, si haki," alisema mtu mmoja wa Alapaap. "Umewashangilia."

"Ninyi mlikuja saa tatu. Mngekuja saa sita kasoro, ningewashangilia na ninyi. Na makombo hayo ya biskuti, nani atayafagia?"

Wiki iliyofuata, orodha za miji ambayo kila kampuni iliahidi kuifikia zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, chini, ili wananchi wazisome kabla ya kikao cha kutoa maoni. Alizibandika Dada Dela mwenyewe. Aliporudi juu, kahawa yake ilikuwa imepoa na hakuigusa.

"Gani, njoo unisomee. Macho yangu yananidanganya."

Tulishuka tukasoma karatasi zote, mimi kwa kidole, yeye kwa midomo. Macho hayakumdanganya. Hagdan haikuwemo katika orodha hata moja. Kisiwa chote cha Maragat hakikuwemo. Kanuni ilitaka asilimia themanini ya miji, basi kila kampuni iliahidi asilimia themanini, na zote tano ziliacha karibu miji ileile.

Hagdan, mji wa kisiwa hicho, ndiko alikozaliwa Dada Dela, mwendo wa saa kumi na moja kwa meli kutoka bandari ya Batangas. Simu za kawaida zenyewe zilikuwa hazishiki huko, isipokuwa sehemu moja: juu ya kilima cha makaburi, ambako ungeweza kudaka mawimbi ya mnara wa kisiwa cha ng'ambo. Na hata huko kilimani palikuwa na mahali penyewe hasa, napo palikuwa kwenye kaburi la baba yake. Kila Jumapili mchana, kaka yake Ponso, mwoka mikate, alimpakia mama yao kwenye pikipiki yenye kiti cha pembeni akampeleka kuongea na binti.

Jumapili ile nilikuwa nimealikwa kwa Dada Dela kula samaki wa kukaanga na wali. Simu ililia tukiwa mezani. Aliiweka kwa sauti kubwa kwa sababu mama yake, Mama Osang, mwenye miaka themanini na saba, alikuwa anapiga kelele kana kwamba simu ni kikombe tu na sauti inasafiri kwa nguvu zake mwenyewe.

"Mama, uko wapi?"

"Niko kwa baba yako, niwe wapi tena? Nimemkalia."

"Mama jamani!"

"Hajalalamika. Leo kuna foleni, Dela. Mke wa nahodha ameshika upande wa kichwani tangu saa nane, anaongea na mumewe aliyeko Ugiriki. Mambo wanayoambiana, mwanangu, hata marehemu wanaona haya."

Dada Dela alicheka hadi akafuta machozi. Halafu akamweleza mama yake habari za leseni mpya, za orodha, na za Hagdan kutokuwemo.

"Kwani wewe si unafanya kazi kwenye ofisi hiyohiyo?" aliuliza Mama Osang. "Waambie."

"Mama, mimi napiga muhuri tu."

"Miaka yote hiyo, muhuri tu?"

Upepo ukageuka huko kilimani, simu ikakatika. Dada Dela alibaki ameishika. Nilijifanya nachambua miiba ya samaki.

Jumatatu asubuhi, hata kabla hajaketi, alikwenda kwa Wakili Baldoza, mkuu wetu wa sheria. Nilimfuata nikiwa na faili ambalo halikuhitajika na mtu. Wakili Baldoza alikuwa mtu mpole, mwenye kawaida ya kuvua miwani kila anapotoa habari mbaya. Aliivua.

"Dada Dela, kanuni iko wazi. Mtumishi wa Tume haruhusiwi kutoa maoni kwenye kikao."

"Nikichukua likizo?"

"Ukiwa likizo bado ni mtumishi."

"Nikiwa mgonjwa?"

"Mtumishi mgonjwa."

"Nikifa?"

"Hapo utaongea upendavyo, ila hatutakuandika kwenye kumbukumbu." Alicheka, kisha akaona Dada Dela hacheki, akavaa miwani tena na kufungua kitabu cha kanuni. Alisoma kimya, kidole kwenye mstari. "Inasema mtumishi tu," alisema polepole. "Raia wa kawaida haimgusi."

Dada Dela alimtazama. Wakili naye akatazama dirisha.

Kustaafu kwake kulikuwa kumepangwa Novemba, siku atakayotimiza miaka sitini na mitano. Oktoba alikuwa apewe medali ya miaka thelathini na mitano ya utumishi, na sote tulijua ameshanunua kitambaa cha gauni la siku hiyo. Nguruwe mzima wa kuoka alikuwa ameshaagizwa kwa ajili ya sherehe ya kumuaga. Kikao cha maoni kilikuwa Jumanne ya wiki ya pili ya Agosti.

Ijumaa kabla ya kikao, saa kumi jioni, Dada Dela aliinuka kitini, akazunguka akatoka nje ya kaunta, akasimama upande wanakosimama waombaji. Akanisukumia barua.

"Pokea."

"Dada, mimi?"

"Kuna mwingine hapo? Kaa kitini, pokea."

Nilikaa. Kiti kilikuwa bado cha moto. Nilisoma mstari wa kwanza: aliomba kustaafu kuanzia mwisho wa siku ile. Nikagonga muhuri.

"Umepinda, Gani."

"Samahani, Dada. Medali yako je?"

"Acha, unasomeka," alisema, akimaanisha muhuri. Alikwenda msalani akakaa dakika kumi, akatoka macho mekundu, akauliza kwa sauti ya kawaida nani anataka feni yake, maana ina tabia ya kugeuka upande mmoja tu na inahitaji mtu mvumilivu.

Jumanne ukumbi ulijaa. Mbele walikaa watu wa kampuni, mashati yao meupe ya kitaifa yamenyooshwa vizuri, nyuma wakakaa wananchi, wengine na vitafunio. Kampuni zilionyesha ramani zao kwenye skrini kubwa. Ramani nzuri kuliko zote ilikuwa ya Alapaap. Injinia Lamberto Uy, mtu mrefu mwenye sauti ya mtangazaji, aliielezea kwa kalamu ya mwanga mwekundu, mijini rangi ya chungwa, vijijini rangi ya njano. Baada yao ikawa zamu ya wananchi, dakika tatu kila mmoja, na karani wa muda alikuwa na kengele.

Namba kumi na nne ilipoitwa, alisimama mwanamke mfupi mwenye gauni la kijani lililoshonwa kwa kitambaa kilichonunuliwa kwa ajili ya siku nyingine. Watumishi wa Tume tuliokuwa tumesimama ukutani tulishikana mikono.

"Naitwa Fidela Mangarin," alisema kwenye kipaza sauti. "Ni raia. Tangu Ijumaa saa kumi na moja."

Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti akaficha mdomo kwa karatasi.

"Injinia Uy, ramani yako inapendeza. Hizo sehemu nyeupe ni nini?"

"Hayo, mama, ni maeneo ambayo kwa sasa kibiashara hayalipi."

"Wanaishi watu?"

"Wapo. Wachache."

"Wangapi?"

Injinia aligeukia wenzake. Wenzake wakageukia makaratasi. "Idadi kamili sina hapa."

"Mimi wa Hagdan ninao. Nikutajie?" Hakungoja jibu. "Nyumba ya kwanza ukitoka gatini: Osang Mangarin, miaka themanini na saba. Mwanawe Ponso, anaoka mikate, mkewe Neneng, wana watoto wanne. Nyumba ya pili: mwalimu Lilia Fabon, anafundisha madarasa mawili kwenye chumba kimoja. Nyumba ya tatu: mkunga Betay. Mwaka jana alikuwa na mzazi anayetoka damu, akamwacha na dada yake, akapanda kilima cha makaburi kwa miguu, jua la mchana, ili ampigie daktari. Daktari akamwambia la kufanya. Akakimbia akashuka. Mama na mtoto wazima, mtoto anaitwa Signal."

Watu wakacheka tena, lakini kicheko kilikatika njiani. Dada Dela aliendelea, nyumba ya nne, ya tano, bila karatasi, jina kwa jina, mpaka kengele ikalia.

"Mama Mangarin, dakika zako tatu zimekwisha," alisema mwenyekiti kwa upole.

"Najua, Mheshimiwa. Na nimefika nyumba ya tisa tu."

Kiti kikaburutwa nyuma. Mzee mmoja mwenye kofia ya ubaharia alikuwa amesimama. "Mimi ni namba kumi na tano. Natoka kisiwa cha Maripipi. Dakika zangu mpe huyo mama."

"Na zangu," alisema mwanamke wa namba kumi na sita. "Mradi akifika kisiwani kwetu nako akutaje."

Niliona mkono wa Dada Dela umeshika ukingo wa meza ya kipaza sauti kwa nguvu. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza siku ile alikaribia kulia.

"Sitamaliza mji mzima, msiwe na wasiwasi. Nina swali moja tu. Leseni ni nne. Wote mmeacha miji ileile. Kwa nini hao wanne watakaoshinda wasigawane hiyo miji?"

"Mama," alisema Injinia Uy, sasa bila sauti ya utangazaji, "nani atakubali kwenda wapi? Kila mmoja atamsukumia mwenzake visiwa."

"Basi chezeni bingo. Parokiani kwetu kila Jumamosi namba zinachotwa kwenye pipa, hakuna anayechagua yake, na hakuna anayegombana. Ila Padri."

Safari hii hata Injinia Uy alicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa ameinama anaandika.

Wiki sita baadaye uamuzi ulitoka. Alapaap ilipata leseni, na Bagwis ikaponea chupuchupu kwa nafasi ya nne. Chini kabisa ya masharti kulikuwa na sharti jipya: miji mia mbili na kumi na miwili isiyo kwenye orodha yoyote itagawanywa kwa kura kati ya kampuni nne, na kila kampuni itafikisha mtandao katika miji yake ndani ya miaka mitatu, la sivyo leseni yake itapunguzwa masafa. Tume ilikosa chombo cha kuchezeshea kura. Wakili Baldoza mwenyewe, akiwa na miwani usoni, alikwenda kuazima pipa la bingo la kanisa la jirani.

Dada Dela alikuja siku ya kura, akakaa katikati ya wananchi na mfuko wa karanga. Pipa lilizungushwa asubuhi nzima. Jericho Pabalan alikuwa anachota kwa niaba ya Bagwis. Karibu na adhuhuri alifungua karatasi moja, akaisoma, akaisoma tena, akainua macho kumtafuta mtu ukumbini.

"Hagdan," alisema. "Kisiwa cha Maragat. Dada Dela, Mungu wangu!"

Dada Dela alikuwa amesimama tayari, karanga zimemwagika. "Panda, baba, panda!" alipiga kelele, na watu wa Bagwis waliokumbuka ngazi zile walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Mwezi huo alifungasha akarudi kwao. Nguruwe tulimla mapema, akaimba kwenye karaoke, akaharibu ubeti wa pili kama miaka yote.

Ile miaka mitatu iligeuka karibu mitatu na nusu. Mara mashua iliyobeba saruji ilizama kwa kimbunga, mara wapimaji walitumwa kisiwa kisicho chenyewe. Dada Dela alimpigia Pabalan kila Jumatatu, akiwa kilimani, hadi Pabalan akaomba apigiwe Jumatano badala yake ili angalau wiki yake ianze kwa amani. Kisha wapimaji walipofika kweli, walisema mahali pazuri kuliko pote pa mnara ni nyuma ya ukuta wa makaburi. Padri akapinga. Mkutano wa mji ulidumu mchana mzima, na ulimalizwa na Mama Osang, ambaye alisema amekaa kilima kile kila Jumapili kwa miaka zaidi ya sita, anajua upepo wake na majirani wake wote, na hajasikia hata mmoja akisema hapana.

Nilikwenda kuwatembelea wakati wa sikukuu ya mtakatifu wao, mwezi Mei, mnara ukiwa na miezi mitatu. Mkunga Betay alikuwa na simu mbili shingoni. Mwalimu Lilia aliwaonyesha watoto volkano kwenye kioo kidogo, darasa zima limemrundikia kichwani. Nyumbani kwa akina Mangarin walimkalisha Mama Osang, mwenye miaka tisini na mmoja, mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya siki. Mjukuu wake Rodel, mtoto wa Ponso, alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo, na bibi hakuwa amemwona kwa miaka mitano.

Uso ulitokea. Mama Osang aliutazama. Aliinua mkono akagusa kioo, picha ikahama, Dada Dela akairudisha.

"Rodel?"

"Bibi! Unaniona?"

"Nakuona. Mbona umenenepa hivyo? Wewe ndiye mpishi wa meli au ndiye chakula chenyewe?"

Rodel alicheka huku akilia, Ponso akatoka nje akisema anakwenda kutazama tanuri, ingawa siku hiyo hakuoka mkate. Dada Dela alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, mikono mabegani mwake.

Jioni bendi ya shaba ilipiga uwanjani. Dada Dela alinivuta nicheze, akanikanyaga mara tatu, akanilaumu kwa zote tatu. Alinieleza kwamba mwakani atagombea udiwani, maana barabara ya gatini ina mashimo ya kumeza mbuzi, na kwamba mimi nitakuja kumpigia kampeni, chakula na malazi juu yake. Niliuliza kama nina hiari.

"Unayo," alisema. "Uje na boti ya Ijumaa au ya Jumamosi."

Nimechagua ya Ijumaa.